Nyumba za Nguzo Katika Milima ya Freetown: Fani na Maudhui ya Makao

Utangulizi

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wanafunzi wetu wamezoea kuutumia usemi huu katika insha zinazohusu tabia za watu. Katika makala haya tunakusudia kuurudisha usemi huo mahali ulipozaliwa, yaani katika nyumba yenyewe. Tutaihakiki nyumba kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya: tutaitazama fani yake, kisha maudhui yake, na mwisho tutauliza kama viwili hivyo vinapatana.

Huenda msomaji akasema kwamba nyumba si kitabu. Ni kweli, lakini kila nyumba ni kauli. Aliyeijenga ameamua nani ataingia kwa mlango wa mbele na nani kwa mlango wa uani. Ameamua maji ya mvua yatapita wapi, na kama yatamwangukia jirani. Ameamua kama ardhi itakatwa ili ifuate nyumba, au nyumba itapangwa ili ifuate ardhi. Maamuzi hayo ni sehemu ya utamaduni. Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na hadithi peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyokaa juu ya ardhi yao na namna wanavyokaa wao kwa wao.

Mfano tutakaouchunguza unatoka Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Freetown ni mji wa pwani uliojengwa juu ya miteremko mikali, na kila kosa la ujenzi katika mteremko huonekana upesi. Pili, mwanzoni mwa karne ya 20 zilijengwa huko nyumba ambazo, kwa upande wa ufundi, zinakaribia sana zile zinazosifiwa leo: nyumba nyepesi, za vipande vilivyopimwa na kukatwa mapema, zilizosimama juu ya nguzo na kuuacha mlima kama ulivyo. Nyumba hizo zinatulazimisha kujibu swali gumu: je, nyumba inaweza kuwa nyepesi juu ya udongo na wakati huohuo ikawa nzito juu ya watu?

Mahali na watu wake

Freetown imekaa katika ncha ya kaskazini ya rasi yenye milima. Nyuma ya bandari hakuna uwanda mpana. Milima huanza kupanda karibu na bahari yenyewe. Mvua za huko ni nyingi mno, na miezi ya Julai na Agosti ndiyo yenye mvua kubwa kupita yote. Mahali kama hapo maji hayaombi ruhusa kwa mjenzi. Yakinyimwa njia, hujitafutia.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1792 na watu weusi waliotoka Nova Scotia, ambao wengi wao walikuwa wameukimbia utumwa katika Marekani. Mwaka 1800 walifuatwa na Wamaroon wa Jamaica. Baada ya mwaka 1808 wakateremshwa huko maelfu ya Waafrika waliookolewa katika merikebu za watumwa. Kutokana na mchanganyiko huo ndipo lilipotokea kundi la Wakrio na lugha yao ya Kikrio. Waliookolewa hawakukaa mjini tu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 walianzisha vijiji juu ya milima: Leicester, Gloucester na Regent. Twamwomba msomaji alikumbuke jina hili la Regent, maana tutalirudia.

Wakrio walijenga nyumba ambazo kwa lugha yao huitwa bod ose, maana yake nyumba ya mbao. Chini yake huwa na msingi wa mawe. Juu yake husimama fremu ya mbao iliyozibwa kwa mbao zilizopangwa kwa ulalo. Na kichwani huwa na paa lenye mwinamo wa kutosha kuyatupa maji mbali. Mafundi wake walikusanya ujuzi wa pande nyingi: useremala wa Amerika ya Kaskazini, desturi za visiwa vya Karibi, na maarifa ya Waafrika wenyewe. Penye mteremko, msingi wa mawe ulifanywa mrefu upande wa bondeni na mfupi upande wa mlimani, na sakafu ikalala sawa bila ya mlima kusawazishwa wote. Nyumba hizi zilikuwapo kwa muda mrefu kabla ya zile tunazokuja kuzihakiki. Jambo hilo ni muhimu, maana historia iliyoandikwa na mkoloni hupenda kuanza pale anapofika yeye.

Fani: nyumba inayousikiliza mlima

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilifungua makao mapya juu ya mji, mahali palipoitwa Hill Station, penye urefu wa zaidi ya mita 200 kutoka usawa wa bahari. Nyumba zake zilitengenezwa Uingereza kwa vipande, zikapakiwa melini, zikapandishwa mlimani na kuunganishwa huko. Zilikuwa nyumba za mbao, zenye veranda pana, zilizoinuliwa juu ya nguzo. Reli nyembamba ilijengwa kutoka mjini hadi huko juu ili kuwapeleka wakazi kazini na kuwarudisha. Reli hiyo ilifanya kazi tangu 1904 hadi 1929.

Tuitazame kwanza fani yake bila chuki, kama mhakiki anavyopaswa kuutazama mtindo hata wa mwandishi ambaye hakubaliani naye.

Ajengaye juu ya mteremko ana njia mbili. Ya kwanza ni kukata na kujaza. Huukata mlima upande wa juu, udongo uliokatwa akaumwaga upande wa chini, akapata uwanja tambarare. Njia hii huonekana rahisi, lakini ina madeni matatu. Ukingo uliokatwa huwa umepoteza kilichokuwa kikiushikilia kwa chini. Udongo uliojazwa haushikamani kama ule wa asili, nao hunywa maji na kuteleza. Tena ukuta wa kuzuia udongo, kama haukuachiwa matundu ya kutolea maji, huyafungia maji nyuma yake mpaka uzito wake uuangushe. Deni hilo halilipwi siku ya kujenga. Hulipwa siku ya mvua kubwa, na mara nyingi anayelipa ni jirani wa bondeni.

Njia ya pili ni kusimamisha nguzo. Kila nguzo huhitaji shimo lake dogo tu. Katikati ya nguzo majani hubaki na mizizi yake, na maji hupita chini ya sakafu kama yalivyopita kabla ya nyumba kuwapo. Nguzo za bondeni huwa ndefu, za mlimani huwa fupi. Tofauti ya ardhi humezwa na miguu ya nyumba. Njia hii nayo ina masharti yake. Nguzo ndefu hazina budi kufungwa kwa mihimili ya mshazari ili zisiyumbe, mbao hazina budi kulindwa na mchwa, na mashimo hayana budi kufika kwenye udongo mgumu au mwamba. Lakini masharti hayo ni ya fundi kuyatimiza, ilhali madeni ya njia ya kwanza huachiwa wengine.

Sifa nyingine ya nyumba hizi ni kujengwa kwa vipande vya kipimo kimoja kinachorudiwa. Wasomaji wetu wasidhani kwamba wazo hilo ni geni katika pwani yetu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambao kwa kawaida ulikuwa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mwashi hakuhitaji kuchorewa ramani ya kila chumba. Boriti ilikuwa imekwisha kumwambia. Akitaka nyumba kubwa hakukipanua chumba, bali aliongeza kingine kama hicho. Kipimo chake kilitoka katika msitu wa mikoko, na nyumba ikawa na ulinganifu kama wa mizani katika shairi: mshairi hafungwi na mizani, bali husemea ndani yake.

Katika mteremko, kipimo kidogo kina faida zaidi ya uzuri. Nyumba ya vyumba vidogo inaweza kupanda mlima kwa hatua, chumba juu ya chumba, kama ngazi; nyumba ya ukumbi mmoja mkubwa itaudai mlima uwanja mmoja mkubwa. Aidha, pasipokuwa na barabara, kila kitu hupandishwa kwa mabega. Kipande kisichoweza kuchukuliwa na watu wawili hakifai kuwa kipande. Kipimo cha nyumba ya mlimani, basi, hutokana na vitu viwili: mwinamo wa ardhi na bega la mchukuzi.

Kwa upande wa fani, basi, nyumba za Hill Station zinastahili sifa. Ziliugusa mlima kwa ncha za miguu, zikaupisha upepo wa bahari, nazo hazikuwa duni: baadhi yake zilidumu kwa zaidi ya miaka mia moja katika hali ya hewa inayoozesha mbao upesi. Kama uhakiki ungeishia katika fani, tungekomea hapa na kuwapigia makofi waliozibuni.

Maudhui: nyumba inayowakimbia watu

Lakini hatuna budi kufungua mlango tuingie ndani. Je, kwa nini nyumba hizi zilijengwa mlimani?

Mwaka 1899 daktari Ronald Ross, aliyekuwa amekwisha kuthibitisha kule India kwamba mbu wana sehemu katika kueneza malaria, alikuja Freetown na kuwatambua mbu wa aina ya anofelesi kuwa ndio wanaoieneza huko. Hilo lilikuwa jambo kubwa la kisayansi. Kutokana nalo zilitokea njia mbili. Ross mwenyewe alisisitiza kuwaangamiza mbu: kuyafukia madimbwi na kuifanya mitaro ipitishe maji. Njia hiyo ingewafaa watu wote wa mji. Njia ya pili ilitolewa na watafiti wengine wa Uingereza, Stephens na Christophers, ambao waliona kwamba watoto wa Kiafrika walikuwa na vimelea vya malaria katika damu yao, wakashauri Wazungu wakae mbali na Waafrika. Serikali ya kikoloni iliichagua njia hiyo kwa ajili ya maofisa wake. Hill Station ndiyo matokeo yake.

Makao hayo yaliwekwa kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika hakuweza kuwa mkazi wake. Alipanda mlima kama mtumishi. Kila shilingi iliyotiwa katika reli ya mlimani ilikuwa shilingi isiyotiwa katika mitaro ya mji. Tena hoja yenyewe ya afya ilikuwa na ufa: maofisa hao walishuka kila siku kwenda kufanya kazi katika mji uleule waliosema ni wa hatari.

Ubaguzi huo haukuishia katika makao. Mwaka 1902, wakati mpango wa Hill Station ukiandaliwa, idara mpya ya madaktari wa serikali katika Afrika Magharibi ya Kiingereza iliwafungia mlango madaktari wenye asili ya Kiafrika. Na Freetown ilikuwa imewatoa madaktari hao tangu zamani. John Farrell Easmon, Mkrio aliyezaliwa Freetown mwaka 1856, alikuwa ameandika mwaka 1884 juu ya homa inayoutia mkojo weusi, ambayo ina uhusiano na malaria, na akapanda mpaka kuwa mganga mkuu wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Wenye nchi walikuwa na ujuzi wa ugonjwa na ujuzi wa mbao. Hawakuulizwa juu ya huu wala ule. Vipande vya nyumba vikaletwa kwa meli kutoka Uingereza, katika mji uliokuwa na maseremala wake wenye nyumba zao za mbao mbele ya macho ya kila mgeni.

Hapo ndipo tunapoona mgongano wa fani na maudhui. Nguzo zilezile zinazoyapisha maji zilikuwa pia kinyanyulio cha kumtenga mtu na mwenzake. Mjenzi hakuuacha mlima ulivyo kwa sababu aliupenda. Aliuepuka udongo kwa sababu aliuogopa, na aliwaepuka watu pamoja nao. Upole wa nyumba hizo kwa ardhi ulikuwa tunda la woga, si la heshima.

Msomaji wa Afrika Mashariki hatasema kwamba habari hizi ni za mbali. Jina la Uzunguni liko katika miji yetu mingi, na kila aliyelisikia hulielewa bila kufasiriwa. Mwaka 1913 daktari William Simpson aliletwa kutoka Uingereza kuishauri serikali ya kikoloni juu ya afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza miji ipangwe kwa kutenga rangi. Katika Dar es Salaam, chini ya utawala wa Kiingereza, mji uligawanywa katika sehemu tatu kwa kanuni za aina za majengo, na Mnazi Mmoja ukawa uwanja wa wazi wa kuitenga sehemu ya Waafrika. Kanuni haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya nyumba. Lakini nani angeweza kuijenga nyumba ya aina ile? Ndiyo sababu tunasema kwamba kanuni ya ujenzi nayo ni maandishi, na yapasa isomwe kwa uangalifu uleule tunaousomea shairi la mafumbo.

Mteremko wa leo

Ukoloni ulipita. Sierra Leone ilipata uhuru mwaka 1961. Mji ukakua, na vita vya miaka ya 1991 hadi 2002 vikawakimbizia watu wengi mjini. Ardhi ya tambarare ilikuwa imekwisha, ikabaki milima. Wenye uwezo wakapanda na saruji yao, wakakata viwanja vipana vya nyumba kubwa. Wasio na uwezo wakakata vyao kwa majembe kando ya mabonde ya maji, wakajenga vibanda vya mabati ambavyo Freetown huitwa pan body. Matabaka mawili yaliyo mbali kwa kila kitu yakakutana katika jambo moja: yote mawili yaliukata mlima. Na bod ose, ambayo ingaliweza kuwafundisha, ilikuwa ikiozea mjini, ikidhaniwa ni mambo ya wazee. Nyingi ziliungua au zikavunjwa kuipisha saruji.

Alfajiri ya tarehe 14 Agosti 1917 ingalikuwa alfajiri ya kawaida. Ile ya tarehe 14 Agosti 2017 haikuwa. Baada ya wiki nyingi za mvua, ubavu wa mlima Sugar Loaf uliporomoka juu ya Regent, kijiji kile tulichomwomba msomaji akikumbuke. Udongo, mawe na maji vikateremka kwa kufuata bonde na kuzifagia nyumba. Watu waliotangazwa kuwa wamekufa au kupotea walikuwa 1,141. Mvua ilikuwa na sehemu yake, na maumbile ya mlima yalikuwa na sehemu yake; lakini ukataji wa msitu na ujenzi holela katika miteremko navyo vilitajwa.

Tusiseme jambo tusiloweza kulithibitisha. Hakuna nguzo ambayo ingeuzuia mlima mzima usianguke, na mahali pengine jibu la haki ni moja tu: pasijengwe kabisa. Hata hivyo, nyumba moja moja zinazobomoka kila mwaka katika miteremko ya Freetown na ya miji mingine hazibomolewi na mlima mzima. Hubomolewa na ukingo wa mita mbili uliokatwa wima, na ukuta usio na matundu, na mtaro uliozibwa. Hapo ufundi una la kufanya, na kutoufanya ni kosa.

Kuanzia mwaka 2020 halmashauri ya mji wa Freetown, chini ya meya Yvonne Aki-Sawyerr, iliendesha kampeni ya kupanda miti milioni moja. Tunaisifu hatua hiyo. Lakini mti mmoja ukipandwa na uwanja mmoja ukikatwa, mlima haujapata faida. Miti na nyumba lazima vizungumze lugha moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba nyumba za Hill Station zina fani nzuri na maudhui mabaya. Kosa la kwanza tunaloweza kulifanya ni kuzisifu kwa fani yake na kusahau zilijengwa ili kumtenga nani. Kosa la pili, ambalo wazalendo huwa wepesi kulifanya, ni kuitupa fani kwa sababu ya maudhui. Nguzo si ya Mzungu. Kipimo kinachorudiwa si cha Mzungu. Boriti ya mkoko na msingi wa mawe wa bod ose vinashuhudia kwamba wenye pwani walivijua vitu hivyo kabla ya kuletewa kwa meli. Kilicho cha mkoloni ni ule uamuzi kwamba ufundi bora ni wa wachache walio juu, na walio chini wajitafutie.

Kwa hiyo nyumba njema ya mteremko twaitaka iwe na sifa hizi. Isimame kwa miguu yake badala ya kuukata mlima. Ipimwe kwa mbao, mianzi au matofali yanayopatikana karibu, na kwa bega la anayeyapandisha. Ianze ndogo na ikubali kuongezwa. Iyapishe maji bila kumtupia jirani. Zaidi ya yote, ibuniwe pamoja na wale watakaolala ndani yake, na gharama yake iwe ndani ya uwezo wao. Nyumba iliyo nyepesi kwa ardhi lakini nzito kwa mfuko wa mwananchi ni Hill Station nyingine, hata kama haina kibao cha kumkataza mtu.

Twawashauri walimu wasiliachie somo hili katika karatasi. Nchi yetu ina miteremko yake: milima ya mawe ya Mwanza iliyojaa makazi, mabavu ya Uluguru yanayoutazama Morogoro, vijiji vya Usambara. Wanafunzi na watolewe nje siku moja ya mvua, wasimame mahali salama, wayatazame maji yanavyoshuka kati ya nyumba. Waulizwe: ni nani aliyeyapisha, ni nani aliyeyazuia, na ni nani aliye chini yake? Wakirudi darasani waandike uhakiki wa nyumba moja, fani yake na maudhui yake. Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali hayo atakuwa amejifunza fasihi, sayansi na uraia kwa pamoja. Na huenda siku moja, akiwa fundi au diwani, akakumbuka kwamba juu ya mteremko hakuna nyumba iliyo peke yake.